Kabla ya Kujisajili, Natafuta Kwanza Namna ya Kujitoa

Kazi yangu hapa Nairobi ni kuzijaribu tovuti na huduma za mtandaoni zinapoanza, nikizitumia kwa pesa zangu na kwa simu yangu, kisha kuwaandikia wasomaji yale niliyoyakuta. Katika miaka yote ambayo nimeifanya kazi hii, jambo moja limejithibitisha mara nyingi hivi kwamba limebadilisha mpangilio wa tathmini zangu zote. Ubora wa huduma hauonekani mteja anapokaribishwa, bali anapotaka kughairi oda, kudai pesa zake, kubadilisha nambari ya simu iliyopotea, au kufunga akaunti na kwenda zake. Kumkaribisha mteja kila kampuni inajua. Ukurasa wa kujisajili hupewa wabunifu hodari, hujaribiwa na kurekebishwa tena na tena, kwa sababu huko ndiko fedha zinakoingilia. Ukurasa wa kujitoa aghalabu haupo kabisa, na ukiwepo utaupata chini ya menyu tatu zilizofichana, ukimalizikia kwa sentensi inayokutaka uwaandikie barua pepe.

Mji huu unahitaji watu wa kuangalia jambo hilo kwa makini, kwa kuwa huduma mpya hazikauki. M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, na nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, vikwazo viwili vikubwa viliondoka: namna ya kulipa na gharama ya intaneti. Mwaka uliofuata iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, kilifunguliwa kando ya Barabara ya Ngong, na tangu hapo kijana mwenye kompyuta na wazo ameweza kuunda tovuti, kuomba nambari ya malipo, na kuanza kupokea pesa za watu. Nalisema hili kwa fahari, kwa maana nimeona huduma nzuri sana zikizaliwa hapa. Hata hivyo, urahisi huohuo unamfaa pia asiye na nia njema, na zaidi ya huyo unamfaa mtu mwenye nia njema ambaye hakuwahi kufikiri mteja atafanya nini mambo yakiharibika. Hao wa mwisho ndio wengi, na ndio ninaowaandikia kwa uvumilivu zaidi.

Wahenga walisema asifuye mvua imemnyea, nami nimeifanya methali hiyo kuwa sharti la kazi. Sisifu huduma kwa kuyasoma maelezo yake au kwa kuonyeshwa na mwenyewe katika mkutano wa uzinduzi. Nafungua akaunti kama mteja yeyote, kwa laini ya kawaida ambayo kampuni haiitambui, nalipa bei inayolipwa na watu wote, kisha naleta tatizo kwa makusudi. Laini hiyo ya kawaida ni ya lazima. Mara tu kampuni inapojua kwamba anayepiga simu ni mtu anayeandika tathmini, meneja mwenyewe huja kwenye simu, na kile ninachopimiwa hapo si huduma atakayoipata msomaji wangu.

Nitaeleza jaribio moja kwa kinaganaga, kwa sababu linaonyesha vizuri ninachokitafuta. Huduma mpya ya kupelekea watu mboga na unga nyumbani ilikuwa imeanza kusifiwa sana mitaani. Kuagiza kulikuwa rahisi mno: nilichagua vitunguu, nyanya, sukuma wiki na pakiti ya unga, nikabonyeza kitufe cha kulipa, na ule ujumbe wa kudai nambari ya siri ya M-Pesa ukachomoza kwenye simu hata kabla sijaondoa kidole. Risiti ilifika papo hapo. Kisha, kabla bidhaa hazijafungwa, nikataka kughairi. Katika ukurasa wa oda hapakuwa na kitufe cha kughairi. Palikuwa na neno la msaada, ambalo nyuma yake kulikuwa na mashine ya kujibu maswali iliyonipa majibu kuhusu saa za kazi na maeneo wanayofikia. Nilipompata binadamu kwa simu, alikuwa mpole na mwenye adabu, akaighairi oda bila mabishano, na dakika chache baadaye nikaona ujumbe kwamba nimerejeshewa pesa. Pesa hizo hazikurudi kwenye M-Pesa. Zilikuwa zimegeuzwa salio la ndani ya programu yao, ambalo lingeweza kununua bidhaa zao pekee.

Hapo ndipo tathmini ilipoanza hasa. Nilirudi kwenye masharti ya matumizi, yale marefu yanayokubaliwa na kila mtu bila kuyasoma, nikakuta sentensi moja inayosema kwamba marejesho hufanywa kwa njia ambayo kampuni itaona inafaa. Kisheria walikuwa wamejikinga. Kwa mteja wa Nairobi, ambaye asubuhi hiyo fedha hizo huenda ndizo nauli ya kurudi nyumbani, shilingi iliyofungiwa ndani ya programu si sawa na shilingi iliyo mkononi, na kumwambia amerejeshewa pesa ni kumpotosha. Niliwaandikia kuomba fedha ziletwe zilikotoka, nikalazimika kufuatilia kwa simu mpaka zikaja. Katika tathmini nilisifu mboga zao, kwa sababu oda niliyoipokea baadaye ilikuwa na mboga safi kabisa, lakini nilitanguliza suala la salio, na nikanakili ile sentensi ya masharti neno kwa neno ili msomaji aamue mwenyewe.

Kabla sijatoa shilingi yoyote huwa kuna mambo ninayoyakagua, nayo hayahitaji utaalamu. La kwanza ni jina linalotokea wakati wa kulipa. Biashara iliyojisajili huwa na nambari ya Paybill au ya Till, yaani nambari za M-Pesa za kupokelea malipo ya biashara, na simu huonyesha jina la anayelipwa. Jina hilo lisipofanana hata kidogo na jina la tovuti, nauliza kwa nini, na mara nyingi jibu ni la haki, kwa mfano kwamba malipo hupitia kampuni nyingine ya kati. Tovuti inayojiita duka kubwa huku ikinitaka nitume pesa kwa nambari binafsi ya mtu, hiyo naiacha papo hapo.

La pili ni anwani yenyewe ya tovuti. Watu wengi bado wanaamini kwamba alama ya kufuli kando ya anwani ni cheti cha uaminifu. Kufuli ile ilimaanisha tu kwamba mawasiliano baina ya simu yako na tovuti yamefichwa ili mtu wa katikati asiyasome. Haikusema lolote kuhusu mtu aliye upande wa pili, na tapeli aliweza kuipata bure kama mwingine yeyote. Mwaka wa 2023 kivinjari cha Chrome kiliiondoa kufuli hiyo na kuweka alama nyingine, kwa sababu hiyohiyo ya kueleweka vibaya. Vivyo hivyo kwa anwani zinazoishia na .co.ke: haziwi ushahidi kwamba kuna kampuni iliyosajiliwa, tofauti na .go.ke ambayo imehifadhiwa kwa serikali. Kinachonisaidia zaidi ni umri wa anwani. KeNIC, shirika linalosimamia anwani za .ke, huruhusu mtu kuangalia anwani ilisajiliwa lini, na hifadhi ya Wayback Machine, iliyofunguliwa kwa umma mwaka wa 2001, huonyesha kurasa za zamani za tovuti nyingi. Duka linalodai limehudumia Wakenya kwa miaka mingi huku anwani yake ikiwa imesajiliwa mwezi uliopita lina deni la maelezo.

Kuna kipimo kingine ambacho siwezi kukifanya peke yangu, kwa kuwa macho yangu yameshazoea tovuti. Kwa hicho namtegemea jirani yangu wa mtaa wa Umoja, mama mshonaji mwenye kibanda chake karibu na stendi ya matatu. Simu yake ni ya bei nafuu, ina nafasi ndogo, na bando analolinunua ni la siku. Ilipotokea tovuti ya kuwaunganisha mafundi na wateja, nilimwomba ajisajili nami nikae kando bila kuigusa simu yake. Ukurasa wa mwanzo ulichukua muda mrefu kufunguka, kwa sababu nyuma ya maandishi palikuwa na video ya watu wakitabasamu, nayo ilikuwa inakula bando lake. Alipofika kwenye fomu ya anwani alisita, akanigeukia.

“Mwanangu, hapa wanataka nambari ya jengo na barabara. Mimi niko kando ya kinyozi, niandike nini?”

“Mama, andika vile unavyowaelekeza wateja wako,” nikamjibu.

Akaandika vizuri kabisa, kwa maelezo ambayo mtu yeyote wa mtaa ule angeyafuata na kufika. Fomu ikayakataa kwa kuwa hayakuwa na nambari. Alipopata njia ya kulipita hilo kwa kuweka sufuri, akatumiwa tarakimu za uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Akatoka kwenye tovuti ili ausome ujumbe, na aliporudi, simu yake yenye kumbukumbu ndogo ilikuwa imeufungua ukurasa upya na kila alichokijaza kimefutika. Akaiweka simu chini, akashika mkasi, kwa sababu mteja wa kweli alikuwa amesimama mlangoni akisubiri sare ya shule ya mtoto wake.

Waliounda tovuti ile walikuwa na nia ya kumsaidia mtu kama yeye, na nina hakika waliijaribu kwenye simu zao zenye nafasi kubwa wakiwa kwenye mtandao wa ofisi, ikawapendeza. Niliwaandikia kwa undani yale yaliyotokea: video, nambari ya jengo, ukurasa unaojifuta. Tangu wakati huo siandiki tathmini ya huduma inayowalenga wafanyabiashara wadogo kabla haijashikwa na mkono wa mmoja wao. Tathmini inayofanywa na watu wenye simu za bei ghali peke yao humficha msomaji nusu ya ukweli.

Suala la taarifa binafsi ndilo linalonikera kuliko yote, na humu sitafuni maneno. Programu ya kuagiza chakula haina haja ya kujua orodha ya watu walio kwenye simu yangu. Wakenya walijifunza kwa uchungu hatari ya ruhusa hiyo, pale programu za mikopo zilipokuwa zikiwapigia simu wakwe, wakubwa wa kazi na marafiki wa mtu aliyechelewa kulipa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka wa 2022 kuhusu watoaji mikopo ya kidijitali zilikataza kuzitumia nambari hizo kwa namna hiyo, na mwaka uliofuata Google nayo ikazizuia programu za mikopo katika duka lake kuzifikia nambari na picha za mtumiaji. Kwa hiyo mimi huzikataa ruhusa zote mwanzoni, kisha naona programu itafanya nini. Iliyotengenezwa kwa heshima huendelea kufanya kazi na kuomba ruhusa moja moja inapoihitaji, kwa mfano mahali nilipo wakati wa kumwelekeza mtu wa bodaboda. Nyingine hugoma kabisa, na kugoma huko nakuandika katika aya ya mwanzo.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imetupa chombo ambacho wengi hawakitumii. Chini yake mtu ana haki ya kuuliza kampuni ina taarifa gani kumhusu, kuzisahihisha, na katika hali zilizotajwa kuomba zifutwe, na kanuni zilizofuata mwaka wa 2021 ziliweka siku 14 za kujibu ombi la kufuta. Nikimaliza kuijaribu huduma, hatua yangu ya mwisho ni kutuma ombi hilo kwa lugha ya kawaida, bila kutaja sheria. Natazama kama kuna anayepokea, kama anaelewa ninachoomba, na kama akaunti inakufa kweli au imefichwa tu. Namna ya kulijua hilo ni kujaribu kujisajili upya kwa nambari ileile: tovuti ikinisalimu kwa jina na kunionyesha oda zangu za zamani, hakuna kilichofutwa. Kampuni kadhaa ndogo zimenishangaza kwa uzuri hapa. Kuna moja iliyonijibu siku hiyohiyo, ikaniorodheshea kilichofutwa na kile ambacho ilibidi kibaki kwa ajili ya hesabu za kodi, ikaeleza na sababu. Hiyo naisifu kwa moyo wote, ingawa muonekano wake ni wa kawaida sana.

Watu ninaowaheshimu zaidi katika kazi hii si waandishi wenzangu. Ni vijana wa saiba, yaani vibanda vya kukodisha intaneti na kompyuta, wale walioko katika vyumba vidogo vya ghorofa za Barabara ya Tom Mboya na kwenye mitaa yetu, wanaowajazia watu fomu za kodi kila Juni inapokaribia kwisha, maombi ya pasipoti, leseni za udereva na mikopo ya wanafunzi. Wao huona tovuti ileile ikitumiwa na mamia ya watu tofauti. Ukiwauliza, watakuambia bila kufikiri ni ukurasa gani hukwama baada ya kulipa, na ni saa ngapi za usiku mfumo fulani hufanya kazi vizuri. Mwishoni mwa Julai 2023, wakati mfumo wa eCitizen, ambao serikali hutolea huduma zake mtandaoni, uliposhambuliwa na huduma zikakatika, nilikaa katika saiba moja nikitazama. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo serikali ilikuwa imetangaza kwamba maelfu ya huduma zimehamishiwa huko. Swali lililoulizwa na kila aliyeingia lilikuwa moja, kama kuna njia nyingine ya kulipata alilolifuata, na kwa huduma nyingi jibu halikuwepo. Tangu siku hizo nimeongeza swali hilo katika kila tathmini, ya huduma ya umma na ya binafsi: mtandao ukikatika leo, mteja ataenda wapi?

Kuhusu fedha, lazima niseme wazi kwa sababu msomaji ana haki ya kujua. Makampuni hutoa zawadi, akaunti za bure, na wakati mwingine malipo, na si wote wanaofanya hivyo kwa nia mbaya. Kuna moja iliyonitolea mwaka mzima wa huduma yake bila malipo, kwa sharti la kuiondoa aya iliyoeleza jinsi ilivyo vigumu kukomesha usajili wa kila mwezi. Nilikataa, na aya ikabaki. Marekani, tangu Oktoba 2024, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inapiga marufuku kuuza na kununua tathmini za uongo. Hapa kwetu, Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya 2012 inakataza madai ya uongo kuhusu bidhaa na huduma, na ina sehemu inayohusu mikataba ya mtandaoni, inayomtaka muuzaji ampe mnunuzi nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa kabla ya mkataba kufungwa. Ningependa sana kuona sehemu hiyo ikitajwa mara nyingi zaidi katika malalamiko ya wanunuzi.

Jingine ambalo limenifunza kuwa makini ni kwamba huduma hufa, na zikifa tathmini yake hubaki ikiwapotosha watu. Kune, iliyokuwa ikiuza chakula kilichopikwa kwa bei nafuu jijini, ilifungwa Juni 2022. Jumia Food, iliyokuwa ikiwapelekea watu chakula, iliondoka mwishoni mwa 2023. Hizo zilitangaza, zikafahamika. Nyingi ndogo huzimika bila tangazo: tovuti inaendelea kufunguka, kitufe cha kulipa bado kinafanya kazi, lakini nyuma yake hakuna mtu. Kwa sababu hiyo kila tathmini yangu ina tarehe juu kabisa, na narudi kuikagua. Kwa sababu hiyo pia siweki akiba katika salio la programu yoyote, hata ninayoipenda, nami nawashauri wasomaji wangu walitumie salio lao lote wanapoona majibu ya huduma kwa wateja yameanza kuchelewa, kwa kuwa ndiyo dalili ya kwanza niliyoiona karibu kila mara.

Ile huduma ya mboga niliyoieleza ilinitafuta miezi kadhaa baada ya tathmini kutoka. Walikuwa wameweka kitufe cha kughairi katika ukurasa wa oda, na chini yake machaguo mawili, pesa zirudi M-Pesa au zibaki kama salio, la M-Pesa likiwa la kwanza. Walitaka niifute tathmini ya zamani. Niliagiza upya kwa laini ileile ya kawaida, nikaghairi, pesa zikarudi M-Pesa kabla sijaondoka nilipokuwa nimeketi. Nikaandika tarehe mpya na mabadiliko yote juu ya ukurasa, na maelezo ya mwanzo nikayaacha chini yake, ili anayesoma aone walikotoka na walipofika.